Nusu Mbili za Mashua ya Rubona

Gisenyi, Jumapili alasiri

Mutoni mwanangu,

Mmevuka mpaka na mama yako kwenda Goma kumuaga mama yako mdogo, nami nimebaki na nyumba. Sanduku lako liko hapa mlangoni, limefungwa kamba mara mbili kama mbuzi mkorofi. Kesho asubuhi unapanda basi la Kigali kwenda chuoni. Mambo ya blanketi, dawa ya malaria, na nani wa kumpigia simu ukifika, mama yako ameshakuambia mara tatu, na nina hakika sasa hivi njiani anakuambia ya nne. Sitayagusa. Hata barabara sitaizungumzia, ingawa namshukuru Mungu kwamba mwaka huu vita vimetulia na mtu anaweza kupita Ruhengeri na akafika salama kwa chakula cha mchana.

Nina jambo moja tu, na sikuwahi kukuambia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu cha kuandika bado kinachechemea, na jambo hili sitaki lichecheme.

Jumatano iliyopita, jirani alipokuja kukupongeza, ulimwambia: “Baba ndiye aliyenifanya nipende kuchora. Nilimwonyesha kosa kwenye kompyuta, akalirekebisha siku ileile.” Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na kikombe cha chai mkononi. Mutoni, sikulirekebisha siku ileile.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Unakumbuka meza yangu kule Mwanza. Ulikuwa unalala chini yake mchana, na takataka za kifutio zinakudondokea kichwani. Nilikuwa nachora mashua kwa mkono. Mashua ina nusu mbili zinazofanana, na mchoraji hachori zote mbili. Unachora ya kushoto kwa utulivu kwenye karatasi inayopitisha mwanga, unaikunja kwenye mstari wa kati, unaipitishia kalamu kwa upande wa pili. Ukiikunjua, mashua nzima iko mbele yako. Mkunjo wenyewe ndio mstari wa kati, kwa hiyo huwezi kuukosa. Miaka kumi na minane nilifanya hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba ni karatasi iliyokuwa inanilinda.

Tuliporudi huku Rwanda na nikapata kazi kwenye karakana ya mashua Rubona, mwenye karakana, yule sote tunayemwita Patron, alileta kompyuta kutoka Kigali yenye programu ya kuchorea. Aliiweka mezani, akaondoa vumbi kwa mkono wa shati lake, akaniuliza mbele ya mafundi wote: “Chef, hii unaijua?”

Nikasema, “Naijua.”

Nilikuwa nimeigusa kompyuta mara mbili maishani. Na programu ile, kila neno lake Kifaransa. Kitabu chake kinene nacho Kifaransa. Unakijua Kifaransa changu: bonjour na merci, baada ya hapo natabasamu. Mafundi wakipita nilikuwa nafunua kurasa na kutikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na mwandishi. Nilikuwa naangalia picha.

Kwa picha hizo nikagundua amri ya kioo. Unachora nusu, unaichagua, unaionyesha kompyuta mstari wa kati kwa kubonyeza nukta mbili, na nusu ya pili inatokea papo hapo. Nilifurahi kama mtoto. Siku ya kwanza niligeuza kila kitu pamoja na maandishi, na neno MBELE likatoka kinyumenyume kama linavyoonekana kwenye kioo cha kinyozi. Safari, fundi wetu wa kuchomelea, akaigeuza ile karatasi na kuibandika dirishani asome kwa upande wa nyuma. Karakana nzima ikacheka. Nami nilicheka, lakini kwa meno tu. Usiku sikuwaza kingine ila kicheko kile. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wangu wa uchoraji aliwahi kuinua mchoro wangu juu ya darasa zima na kuuliza nani amechora ng'ombe huyu, darasa likaangua kicheko. Tangu siku ile nilijifunza kuficha makosa kuliko nilivyojifunza kuyaepuka.

Ndipo ikaja kazi ya mashua ya abiria, ya chuma, mita kumi na mbili. Mbavu zake zilikuwa kumi na moja, kila moja na umbo lake, nyembamba mbele na pana katikati. Nikachora nusu ya kila ubavu, nikaigeuza kwa amri ya kioo, kompyuta ikapima upana yenyewe, nikachapisha. Nilimaliza kwa siku mbili kazi ambayo kwa mkono ingenichukua wiki mbili. Patron alinipiga bega.

Safari akakata vyuma kwa kufuata karatasi zangu, akaziunganisha mbavu, akazisimamisha juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Wewe humjui Safari vizuri. Alizaliwa Masisi, mtu mfupi, hazungumzi sana, na mkono wake hauna haraka. Alipomaliza kuzisimamisha alichukua ufito mrefu wa mbao akaulaza juu ya mbavu, kutoka mbele hadi nyuma, kuona kama upande wa mashua utakuwa laini. Akaniita.

“Chef, angalia. Ufito inapanda, inashuka. Hii mashua iko na tumbo fasi haipaswe.”

Nikaangalia. Ni kweli, ufito ulikuwa na mawimbi, tumbo mahali lisipotakiwa. Ubavu wa nne umetoka nje, wa tano umeingia, wa sita umetoka.

“Umekata vibaya,” nikasema.

“Mi? Mi nimepima mara tatu, Chef. Papier yako njo inasema hivi.”

“Kompyuta haikosei, Safari. Ni mkono unaokosea.”

Nilisema kwa sauti. Patron alikuwa mlangoni, mafundi wengine wamesimamisha nyundo. Safari aliniangalia, kisha akaangalia mikono yake, ile mikono. Patron akasema, “Bon. Safari, enda kwanza nyumbani, nitakuita.” Na sote tulijua maana ya nitakuita.

Siku mbili baadaye ulikuja wewe. Ilikuwa likizo ya shule, umetoka bwenini Nyundo juzi yake, na mama yako alikutuma na sufuria ya maharage na viazi. Wakati nakula ulikaa kwenye kiti changu ukafungua kile kitabu kinene, na ukaanza kukisoma kweli. Ulikuwa unacheka peke yako jinsi kilivyoandikwa. Kisha ukafungua mchoro wa ubavu wa nne.

“Baba, naomba nikuze hapa katikati.”

Nikasema kuza.

Ukakuza, ukakuza tena, mpaka ule mstari wa kati niliouchora mnene ukawa mwembamba kwenye kioo cha kompyuta, na pembeni yake nikaona weusi. Hapakuwa na kitu. Nusu ya kushoto ilikuwa inaishia upande huu, nusu ya kulia inaanzia kule, na katikati pengo.

“Baba, hizi nusu hazijakutana.”

Ulipima. Pengo la kidole kimoja. Ukafungua ubavu wa tano: pengo dogo zaidi. Wa sita: vidole viwili. Kwenye karatasi mstari wa kati mnene ulikuwa umeyafunika yote. Ulinieleza kwa upole, hukujua unamweleza nani nini. Ulisema kompyuta inapouliza nukta mbili za mstari wa kioo, mtu asibonyeze kwa jicho. Kuna kitufe kinachoufanya mshale udake ncha ya mstari wenyewe, na kingine kinachoufanya uende wima bila kuyumba. Mimi nilikuwa nabonyeza kwa jicho. Na kwa kuogopa kuugusa mstari wangu nikauharibu, kila mara nilibonyeza kando kidogo, upande wa nje.

Nilielewa yote mara moja, Mutoni. Nilimwona Safari anaangalia mikono yake.

Nikakwambia: “Funga hiyo. Nenda nyumbani ukamsaidie mama yako.”

Ukachukua sufuria ukaondoka. Sikukuambia hata asante. Jioni ukaniuliza, “Baba, umerekebisha?” Nikasema, “Nimerekebisha.” Ukafurahi, ukanimiminia chai.

Nilichorekebisha ni mchoro. Dakika kumi tu, mlango umefungwa. Lakini mbavu za chuma zilikuwa zimesimama kule nje juu ya mkuku, na mtu alikuwa amefukuzwa kwa kosa langu.

Nilikaa hivyo siku nne. Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa natafuta njia nzuri ya kusema. Si kweli. Nilikuwa natafuta njia ya kutosema. Siku ya kwanza nilijiambia Safari ni fundi, atapata kazi kwingine. Siku ya pili nilijiambia Patron atamrudisha mwenyewe. Siku ya tatu sikujiambia kitu, nilikuwa nakwepa tu kupita karibu na ile mashua. Chakula kilikuwa hakina ladha. Mama yako aliniuliza kama ni tumbo, nikasema ni tumbo.

Siku ya nne Patron alileta mchomeleaji mwingine kutoka Goma. Mtu hodari, mwenye misuli. Alizitazama mbavu akasema hakuna shida, mabamba yatavutwa tu. Akaleta minyororo, akaanza kulivuta bamba la kwanza kwa nguvu lilale juu ya mbavu zisizolingana, huku analichomelea vipande vipande. Nilisimama nikasikia chuma kinavyolia. Wewe unakwenda kusomea mambo haya, kwa hiyo nakuambia kama mwenzangu: bamba lililolazimishwa halisahau. Linakaa na ule mvuto ndani yake, na siku ziwa likichafuka, maungio yanafunguka. Ile ilikuwa mashua ya kubeba watu. Akina mama wenye watoto mgongoni.

Nikamwambia yule fundi, “Acha kwanza, ndugu yangu. Usiendelee mpaka kesho.” Akauliza kwa nini. Nikasema, “Kesho nitakuambia.” Nikapanda teksi ya kwenda mjini, nikamuuliza mke wa Safari, akanielekeza bila kuniangalia usoni: mumewe yuko Mudende kwa shemeji yake, anachimba viazi.

Nilipanda Mudende siku ileile, gari kidogo na miguu zaidi. Kulikuwa na ukungu na baridi, na viatu vyangu vya ofisi vilijaa udongo. Nikamkuta kwenye mteremko, ameinama na jembe. Aliniona nikiwa mbali, hakuacha kuchimba.

“Chef. Ulipotea njia?”

“Sijapotea. Nimekuja kwako.”

Akachimba shina jingine, akakung'uta viazi, akavitupa kwenye kikapu. Nikamwambia yote. Kwamba kosa ni langu. Kwamba sikujua siku ile nilipomsema, lakini nimejua kwa siku nne na nimenyamaza. Kwamba aliyeliona ni binti yangu. Nilidhani nikimaliza kusema nitajisikia vizuri. Wapi.

Safari akaegemea jembe. “We ulinisemea wapi, Chef?”

“Karakana.”

“Mbele ya nani?”

“Mbele ya watu wote.”

“Basi. Huku Mudende iko viazi na ng'ombe tu. Hawa hawakusikia. Kama unataka kusema, enda useme kule ulisemea.”

Akainama akaendelea. Nikavua koti, nikaokota viazi nikijaza kikapu mpaka shina la mwisho la mstari ule. Hakunizuia, wala hakuniambia asante. Wakati nashuka akaniita nyuma: “Nitakuja asubuhi. Nisikie na masikio yangu.”

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama yako wakati navua vile viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, “Kumbe halikuwa tumbo.”

Asubuhi Safari alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nikamwomba Patron awaite wote. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu njiani, yakanikimbia. Nikasema: “Safari hakukosea. Alikata kama karatasi ilivyosema. Karatasi ndiyo iliyokuwa na kosa, na niliyeichora ni mimi. Siijui hii kompyuta vizuri. Na Kifaransa sisomi.”

Nilisubiri kicheko, kile cha darasani. Hakikuja.

Patron akauliza, “Donc, siyo Safari?”

“Siyo Safari. Ni mimi.”

“Na umejua tangu lini?”

“Siku tano sasa.”

Nilikuwa tayari kuambiwa nichukue koti langu. Ungeniuliza wakati ule, ningesema hata hilo ni sawa, kwa sababu, Mutoni, kitu fulani kilikuwa kimeshuka kutoka mabegani mwangu na nilikuwa napumua hadi chini ya tumbo, mara ya kwanza kwa siku zile zote. Patron akamgeukia Safari. “Hizi chuma zitapona?”

Safari alivaa kofia yake, akachukua futi, akaja kwenye kompyuta. “Nionyeshe.” Nikamwonyesha kila pengo, ubavu mmoja mmoja, akaandika kwa chaki sakafuni. Alipofika wa kumi na moja akacheka kidogo, peke yake.

“Chef, we uko na bahati. Zote ziko pana. Hakuna hata moja fupi. Chuma pana inakatika. Chuma fupi, hapo tungelia.”

Ule woga wangu wa kubonyeza upande wa nje ndio uliotuokoa. Sitaki kukuambia kwamba nilistahili. Ningebonyeza ndani, nusu zingepandana, mbavu zote zingekuwa fupi na chuma chote kingekwenda takatakani. Ni bahati tu, na nimeipokea kama mtu anavyopokea mvua.

Tulilibandua lile bamba, tukazishusha mbavu zote. Safari akakata katikati ya kila moja kipande cha upana wa pengo langu, akaunganisha tena, akaziba kwa bamba la kuungia. Yule fundi wa Goma alibaki kumsaidia, wakawa marafiki. Alipoulaza ufito mara ya pili, ulilala kutoka mbele hadi nyuma kama unyasi juu ya maji. Safari alipitisha kiganja chake juu yake, akaniita nami nipitishe changu.

Siku mashua iliposhushwa ziwani wewe ulikuwa umerudi shule. Ilipokwenda Kibuye safari yake ya kwanza na abiria nilipanda, sikumwambia mtu kwa nini. Baada ya nusu ya njia upepo uliamka, mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni, na mwanamke mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Mimi niliinua ubao wa sakafu, nikaingiza mkono chini, nikapapasa maungio. Pakavu. Nikakaa pale na mkono wangu mkavu, nikalia, na yule mama akadhani naogopa maji, akaanza kuniombea na mimi.

Likizo iliyofuata ulinifundisha kugeuza vizuri. Ulidhani unanikumbusha tu. Ulinifundisha kuanza nusu kwenye mstari wa kati wenyewe, kudaka ncha, kuuacha mstari wa kati nje ya vile vinavyogeuzwa ili isizaliwe mistari miwili mmoja juu ya mwingine, kuijibu kompyuta hapana inapouliza kama ifute nusu ya kwanza. Kisha kukuza pale zinapokutana, na kupima. Kila mara kupima. Na yale yasiyo na pacha, kama bomba la moshi lililo upande wa kulia pekee, kuyaweka mwisho kwa mkono. Nilikuwa naandika kwenye daftari kama mwanafunzi, na nilikuwa na furaha ambayo hukujua imetoka wapi.

Sikuambii usikosee. Utakosea, kazi hii ina makosa kama ziwa lilivyo na dagaa wa sambaza. Ninachojua mimi ni hiki tu: kosa langu siku ya kwanza lilikuwa na upana wa kidole. Siku ya nne lilikuwa na mtu mzima anayechimba viazi kwenye ukungu, na bamba linalolia kwenye minyororo. Halikukua lenyewe. Mimi ndiye niliyelilisha.

Nilikusudia kuzikwa nalo hivyohivyo, wewe usilijue. Niliona hakuna haja. Kila mtu amesamehe, mashua inatembea. Lakini leo baada ya misa Safari alinisubiri nje ya kanisa. Ana zawadi yako, rula ya chuma aliyoikata mwenyewe, utaikuta juu ya sanduku. Akaniuliza, “Mutoto anaenda kesho?”

“Kesho.”

“Anajua?”

Nikasema bado.

“Muambie, Chef. Asiende na baba ya uongo.”

Basi nimekuambia. Naona kama nimefungua dirisha. Pale ulipokaa kwenye kiti changu, ulipaswa kuambiwa asante, nami nikakufukuza na sufuria yako. Asante, Mutoni. Nisamehe kwa ile sauti.

Huko uendako watakufundisha watu wanaojua kuliko mimi, na hilo halinitishi tena. Utarudi likizo, utaangalia michoro yangu. Ukiona kitu, usininong'oneze. Sema kwa sauti, hata Patron akiwepo, hata mafundi wote wakiwa wamesimama. Mimi nitasogea, nikupishe kiti.

Nakusikieni getini, mama yako anacheka. Naikunja barua hii kabla hujaingia.

Baba yako